Koti la Njano la Noeline

Baiskeli kumi na moja. Fiorenza Dalbosco alizihesabu tena, pazia limemfunika nusu ya uso, na hazikupungua hata moja. Zote zimeegemezwa kwenye uzio wa Noeline Haddow, ng'ambo ya njia, pale pale ilipopita reli kabla haijang'olewa na kumwagiwa lami kwa ajili ya waendesha baiskeli.

Miaka tisa baiskeli hizo zilikuwa zake. Kila Septemba, theluji ikianza kuyeyuka Mlima Buffalo, Warwick Pentland na wastaafu wenzake kutoka Melbourne walilala kwake, katika banda la kukaushia tumbaku ambalo marehemu mumewe aliligeuza vyumba vya wageni. Walikula matonge yake ya viazi, wakalamba sahani, wakamwita malkia wa bonde. Mwaka huu walimpungia mkono tu, wakapitiliza. Na Jumatatu, kabla ya kuondoka, watasema Pasaka watalala kwa nani.

"Skonzi!" alimlalamikia dada yake kwenye simu. "Unga na maziwa! Mtu aniache mimi kwa ajili ya skonzi?"

"Labda wamechoka kunenepa."

"Wewe uko upande gani?"

Wivu ni kidonda, wanasema, na Fiorenza alikuwa akikitonesha kwa kidole chake mwenyewe. Ng'ambo wakicheka, anajua wanamcheka yeye. Wakinyamaza, anajua wanakula.

Sasa, kwenye mkalitusi ulio hatua thelathini tu kutoka geti lake, magpai alikuwa ameangua. Ndege huyo mweusi mwenye mabaka meupe hana mzaha. Akiwa na makinda humshukia mpita njia kama jiwe la manati, ndiyo maana waendeshaji huchomeka kamba ngumu za plastiki, kama miiba, kwenye kofia zao hadi wanafanana na nungunungu. Tena ana kinyongo. Ukimuudhi leo, mwakani anakusubiri.

Na Noeline, kila akiwatoa wageni, hutangulia mbele kavaa koti la njano linaloonekana bonde zima.

Fiorenza alikwenda mjini Bright akanunua koti kama lile. Alfajiri tatu mfululizo alilivaa, akashika ufagio, akaugonga ule mkalitusi mpaka magome yakabanduka. "Nitazame! Nitazame vizuri!" Ndege aliinamisha kichwa, akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

Jumapili asubuhi, siku ya kupanda mlima, Fiorenza alisimama getini na aproni yake ya buluu, mkononi sinia la biskuti za kukaanga zilizonyunyizwa sukari, anatabasamu kama bibi harusi. Noeline akishambuliwa, wageni watakimbilia wapi? Kwake.

Noeline akatokea, koti linawaka. Ndege akaruka.

"Jamani, vichwa chini!" Warwick akapiga kelele.

Ndege alipita juu ya koti la njano kana kwamba ni kichaka, akanyoosha mpaka getini na kumgonga Fiorenza sikioni. Akazunguka, akarudi. Sinia likaruka, biskuti zikatapakaa lami.

"Kumbe anamtaka huyu mama peke yake!"

"Umemnyima biskuti nini, Fiorenza?"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka na baiskeli yake. Noeline ndiye aliyeitupa ya kwake, akavua kofia yake ya miiba, akamvika Fiorenza na kumshika mkono hadi barazani. Akawa anampangusa damu kwa leso.

"Haangalii nguo, shoga," alinong'ona. "Anaangalia sura. Hata watoto wa shule wanajua."

"Sijui unasema nini."

"Jumatano nilichungulia dirishani, nikadhani nimejiona mwenyewe na ufagio."

Fiorenza akafumba macho, akingoja. Hadithi kama ile ingelichekesha bonde mpaka Krismasi. Lakini Noeline aliwageukia wageni: "Ana makinda tu, jamani. Twendeni, mlima hautungoji."

Jumatatu Warwick alikuja na kofia yake mkononi. "Pasaka tuko kwako."

"Skonzi zimewakinaisha?"

"Noeline ndiye katwambia. Eti tumekukosea, na hakuna mpishi kama wewe bonde zima."

"Kasema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

Kumi na moja, wote wamerudi, na Fiorenza akahisi kama aliyepewa makombo ya sahani ya mwenzake. Mwanamke mbaya, aliwaza. Hata wema anataka anishinde!

Ilibidi akashukuru. Lakini ndege alikuwa juu ya nguzo ya geti, anamngoja, na Noeline ndiye aliyevuka na mwavuli kumchukua. Katikati ya njia Noeline alinyoosha kiganja chenye nyama ya kusaga. Ndege akatua kwenye kifundo cha mkono wake, akala taratibu, kisha akainua shingo akaimba, sauti kama maji yanayomiminwa mtungini.

"Tangu lini?" Fiorenza aliuliza chini ya mwavuli.

"Mwaka wa nne huu. Ananiletea mpaka watoto wake niwaone."

Fiorenza alimtazama ndege, akautazama ule mkono.

Kesho yake, kofia ya miiba kichwani, alishuka kwa muuza nyama.

"Nyama ya kusaga. Ile nzuri kabisa, isiyo na mafuta."

"Umepata wageni?"

"Bado," alisema Fiorenza. "Lakini atakuja."