Simba Aliyepasua Kibuyu

Kitendawili. Tega basi. Nyumbani ni takataka, kichochoroni ni mali.

Jibu nilikutana nalo nyuma ya soko la Karatu, kwenye kile kichochoro tulikokuwa tunakwenda kusaga mahindi. Siku hizi mashine imeondoka. Ipo mikahawa minne, ambako kahawa yetu wenyewe tunarudishiwa ikiwa na povu lililochorwa moyo, na maduka ya vitu chakavu yanayoitwa vinteji. Chemli kama ile iliyonijaza masizi puani nikiwa darasa la nne sasa imewekwa kwenye kabati la kioo kama mtakatifu.

Nilikuwa natafuta kibuyu cha mama yangu. Mwanangu Inosenti alisafisha stoo apate pa kuweka kochi, kila kilichomchosha macho akampa muokota vyuma. Na mjukuu wangu Selestina anajifungua mwezi huu. Kwetu mzazi akishajifungua hunywa maziwa ya kwanza katika kibuyu hicho, kikishafukizwa moshi wa mzeituni mwitu. Mimi nilinywea, mama yake alinywea. Inosenti alinishauri ninunue chupa ya chai. Msomi huyo.

Nikakikuta duka la tatu, kimechomekwa maua ya plastiki. Mwenye duka, Valeriani, mtoto wa kijiji cha Endamarariek kama mimi, alikuwa akimweleza mama mmoja mgeni, dereva wake akitafsiri, kwamba ni kibuyu cha vita, na ule ufa ulioshonwa ni kucha za simba wa Ngorongoro.

"Valeriani mwanangu," nikasema, "simba huyo ni mimi."

Akaninong'oneza, "Bibi, usinifukuzie mteja."

Nikavuta kiti, nikapandisha gauni, nikawaonyesha kovu la goti. Nilikuwa na miaka saba, nikateleza mtoni. Kibuyu kikapasuka, goti nalo likapasuka. Mama alishona kibuyu kwanza. Goti lilisubiri.

"Kigeuze uhesabu. Mishono ni tisa, na wa mwisho umepinda, maana hapo ndipo alipokumbuka kunichapa."

Valeriani akahesabu, kisha akahesabu tena. Dereva alitafsiri huku akicheka. Yule mama akang'oa maua mwenyewe, akanipakatisha kibuyu, halafu akaomba kupiga picha goti. Nikamruhusu. Nalo ni vinteji.

Valeriani alibaki ameshika maua yake, akiniuliza kama Selestina akishamaliza kunywa nitakirudisha.

"Njoo umwone mtoto," nikamwambia. "Maua yako ulete. Maziwa utakunywa kwenye kikombe."