Kidonge cha Perlita

"Umempa dawa gani, mama?" nesi Jovita aliuliza, huku akiufunua mdomo wa Arnulfo. Fizi zilikuwa zinavuja damu.

"Ileile ninayokunywa mimi," mkewe, Perlita, alisema. "Ya maumivu."

Alikuwa mfua nguo. Kutwa alikamua mashuka ya nyumba za wageni za mji wa Iloilo, mpaka vifundo vya mikono vikavimba. Kidonge cha dukani kwa jirani ndicho kilichoufanya uvimbe unywee. Kwa hiyo mumewe aliposhikwa na homa, akalalamika kwamba mifupa inapasuka, alimpa hichohicho, asubuhi na jioni.

"Ana dengi, homa inayoletwa na mbu," Jovita alisema. "Kidonge chako kinauzuia mwili kutengeneza kitu kinacholeta uvimbe na maumivu. Ila kidonge hakichagui. Kinagusa pia vitu vinavyogandisha damu, vinavyolinda tumbo, hata figo. Na dengi nayo inapunguza chembe za kugandisha damu. Mgonjwa wa hivi tunampa parasetamoli tu."

"Lakini homa ilishuka."

"Ilishuka, ndiyo."

"Sasa kilimsaidia au kilimdhuru?"

"Vyote viwili, mama."

Perlita alitazama mikono yake kana kwamba jibu lingetokea hapo. Kitu kimoja kingewezaje kumponya yeye na kumvujisha damu mumewe?

"Mwacheni mke wangu," Arnulfo alinong'ona kitandani. "Anapika vibaya, lakini sumu hajawahi kuniwekea."

"Nyamaza wewe, unavuja," Perlita alisema, akimfuta mdomo.

Alasiri damu ilikoma. Daktari alisema hatari haijapita, wasubiri. Jovita alirudi na swali jingine.

"Wewe mwenyewe unakinywa baada ya kula?"

"Na kahawa. Nikila kwanza nachelewa kazini."

"Tumbo?"

"Linachoma kidogo."

"Na choo?"

Perlita aliona aibu. "Cheusi. Nilidhani ni ule mchuzi wa damu ya nguruwe."

"Uliula lini?"

Alijaribu kukumbuka. Sikukuu ya mtaa. Zamani.

"Basi huenda nawe unavuja damu, tumboni," Jovita alisema. Alikwenda kumwita daktari, akamwachia kikombe cha uji wa mchele uliokusudiwa mgonjwa. Perlita alikaa ukingoni mwa kitanda, mvuke ukimpanda usoni, asijue kama anywe yeye au amwamshe Arnulfo.