Gunia la Mtani

Baba alikuwa anatafuta gunia. Alianzia stoo, akaja jikoni, akapekua nyuma ya pipa la maji. Mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya msibani. Gunia lenyewe alikuwa amelikunja akalikalia.

"Mama Mina, gunia la mkaa liko wapi?"

"La nini?"

"Naenda kwa Mzee Mbaruku."

"Msibani watu wanaenda na kanzu, au na shati la heshima. Wewe unaenda na gunia?"

"Mimi Mnyamwezi," Baba akasema. "Marehemu ni Mkwere. Nikienda na heshima watanifukuza."

Hilo ni kweli. Wanyamwezi na Wakwere ni watani tangu zile enzi za misafara, watu wakitembea kutoka Tabora mpaka Bagamoyo na mizigo kichwani. Mtani akija msibani anafanya anavyotaka. Anazuia jeneza, anaigiza kikohozi cha marehemu, anataja tabia zake mbaya mbele ya watoto wake, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kijijini kwetu karibu wote ni Waislamu na Baba ni mchungaji, lakini Mzee Mbaruku hakuwahi kumwita mchungaji hata siku moja. Alimwita mpagazi. "Mpagazi, mzigo wangu umeufikisha wapi?" Baba anamjibu, "Nimeuficha, Wakwere mkiona mzigo mnaukalia mpaka ngoma ianze." Kila asubuhi ya Mungu, na kila asubuhi wanacheka kama ni mpya.

Ila mimi na Mama tulijua gunia la siku ile halikuwa la kucheka tu.

Jana yake alasiri Mzee Mbaruku alibanwa na pumu. Mjukuu wake Wahida, ambaye ndiye rafiki yangu, alikuja kwetu mbio bila ndala. Baba akapiga simu zahanati waje na bajaji ya wagonjwa, ile nyeupe yenye kitanda nyuma, ambayo kijiji kizima tuliichangia. Nesi akajibu kwa sauti ndogo kwamba bajaji mbovu, iko kwa fundi. Ikabidi wapande bodaboda, mshikaki, dereva mbele, Mzee katikati, Baba nyuma amemkumbatia, wakashika njia ya Bagamoyo.

Kabla hawajafika lami wakapishana na bajaji. Ilikuwa nzima kabisa. Juu imefungwa spika mbili, ubavuni imebandikwa sura ya diwani wetu, Abdulwahab, ambaye anagombea tena, na pale kwenye kitanda cha wagonjwa wamekaa vijana wanapeperusha bendera, wanaelekea Msata kwenye mkutano. Baba alipunga mkono mpaka bodaboda ikayumba. Wale vijana na wao wakampungia. Walidhani anawashangilia.

Mzee alifia njiani. Baba alitusimulia mara moja tu, amesimama mlangoni na viatu vyake vya vumbi. Alisema neno la mwisho la Mzee lilikuwa, "Mpagazi, usiniangushe." Na hakujua kama ule ulikuwa utani au siyo.

Familia wao waliambiwa bajaji ilikuwa kwa fundi. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshavaa fulana ya diwani, hawezi kusema. Aliyebaki ni Baba.

Na mimi niliomba asiseme. Tulipokuwa Ubena, Baba alisimama kanisani akasema mahindi ya msaada yameliwa na watu wasio na njaa. Hakutaja jina la mtu. Wazee wa kanisa wakaenda kwa Askofu wakasema Mchungaji anachanganya dini na siasa, tukahamishwa, vitu juu ya fuso, mimi nimeshika kuku. Hapa kiwanja cha kanisa na cha nyumba yetu tulipewa kwa mdomo tu. Hati inamngoja diwani. Kila akikutana na Baba anamwambia, "Mchungaji, uchaguzi upite, suala lenu nitalisukuma," halafu anatabasamu. Maboksi ya Ubena Mama hajawahi kuyatupa. Yako juu ya kabati, yamekunjwa. Hapa ndipo nilipopata rafiki, na mimi sipati rafiki kirahisi.

"Uliniahidi," Mama alisema, bado amekalia gunia.

"Niliahidi sitasema madhabahuni. Huko siendi madhabahuni. Mtani hana chama, hana dhehebu."

"Adamu, siasa waachie wenyewe."

"Wenyewe ni nani? Ile bajaji umechanga wewe, nimechanga mimi, Mzee Mbaruku aliuza jogoo wake. Siasa si ndiyo hiyo, namna ya kugawana kitu cha wote? Dini isiposema hapo, iseme wapi? Iseme sketi za mabinti ni fupi?"

"Iseme ikiwa na hati ya kiwanja."

"Kwa hiyo nimnyamazie mpaka anipe hati." Baba alicheka kidogo, kile kicheko chake kisicho na raha. "Basi nimeshauzwa, na aliyepanga bei ni mimi."

Mama akaacha kukuna. Akanyanyuka, akalitoa gunia, akalikung'uta mkaa, akampa.

"Kama mtani," alisema. "Ukilivua tu, mimi nashusha maboksi."

Msibani mimi na Mama tulikaa barazani na wanawake. Wahida alikuwa ameniegemea, joto lake limeingia kwenye khanga yangu. Mjane, Bi Mwanamvua, alikuwa ndani, tunamsikia dirishani. Wanaume walijaa uani, na diwani Abdulwahab alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na Sheikh Alawi, kanzu yake nyeupe inaumiza macho.

Jeneza lilipotolewa, Baba akatokea nyuma ya choo. Gunia amelitoboa matundu ya kichwa na mikono, sufuria kichwani, mkongojo wa Mzee mkononi. Akakohoa vile vile alivyokuwa anakohoa Mzee, akajilaza chali katikati ya njia.

"Hapiti mtu. Huyu bwana wangu tangu Tabora hajanilipa."

Watu wakaangua kicheko, hata waliokuwa wanalia.

"Toka hapo mpagazi," Bi Mwanamvua akasema kutoka dirishani, sauti imekauka. "Unanuka jasho."

"La kumbeba mumeo. Mtu hana meno hata moja na bado mzito, sijui alikuwa anakula nini."

Wahida alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nahesabu maneno ya Baba moja moja, nangoja lile lenyewe. Likaja.

"Halafu jeneza hili silitaki," Baba akasema, bado amelala. "Namtakia bwana wangu bajaji ya wagonjwa. Alipokuwa na pumzi alipishana nayo njiani, imebeba spika. Basi leo imbebe na yeye, apigiwe muziki mpaka kaburini, maana inaonekana bajaji ya kijiji haibebi mgonjwa, inabeba picha."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Aliyecheka kuliko wote ni diwani. Alijifuta macho kwa leso, akainuka, akatoa noti mfukoni akambandika Baba kwenye paji la uso. Ikanata kwa jasho.

"Watani bwana," akasema. "Mnyamwezi, chukua, upishe njia."

Nikashusha pumzi. Nilijiambia basi, imepita. Amesema na hakuna aliyekasirika, na sisi hatuhami. Nikamwangalia Wahida, anacheka bado. Alikuwa hajasikia kitu. Yaani alisikia mtani tu, siyo habari ya babu yake.

Diwani hakurudi kukaa. Akaomba neno. Akasema Mzee Mbaruku alikuwa mzazi wake, akasema kwa bahati mbaya bajaji siku ile ilikuwa kwa fundi, na ndiyo maana tukimrudisha atatafuta nyingine, ziwe mbili, asife mzazi mwingine. Watu wakaitikia, "Inshallah." Bi Mwanamvua na yeye, ndani, akaitikia.

Baba alikuwa ameshakaa, sufuria mapajani. Niliona anaibandua noti usoni. Akaitazama. Akasimama, akashika gunia kwa chini, akalivuta juu ya kichwa. Ndani alikuwa amevaa lile shati lake la kola nyeupe la ibada, limeingia mkaa.

Mama alinishika mkono. Aliubana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Utani umekwisha," Baba akasema. Akairudisha noti mkononi kwa diwani, kwa adabu, kwa mikono miwili. "Sasa nasema mimi, Mchungaji Adamu. Bajaji haikuwa kwa fundi. Tulipishana nayo. Mzee nimemkumbatia, ananiambia mpagazi usiniangushe, na bajaji yetu inakwenda Msata na picha yako. Sijui kama ingemwahi. Hilo Mungu ndiye anajua. Lakini kwa fundi haikuwepo, na wewe unajua."

Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na mtoto analia upande wa jikoni, akanyamazishwa.

"Mchungaji," diwani akasema taratibu, "hapa msibani. Dini na siasa tusichanganye."

"Bajaji ina dini gani?" mtu mmoja akauliza huko nyuma. Sikumwona.

Sheikh Alawi aliinua mkono. "Mchungaji, hili umeliona kwa macho, au umehadithiwa?"

"Kwa macho, Sheikh."

"Basi umeshuhudia." Akawageukia wabebaji. "Nyanyueni jeneza."

Tuliporudi nyumbani Mama alipanda kwenye kiti, akashusha maboksi. Hakupakia kitu. Aliyasimamisha tu ukutani, tukawa tunapita ubavuni mwake.

Kesho yake bajaji ilikutwa zahanati, spika zimeondolewa, ubavuni imebaki nusu ya uso iliyoshindikana kubanduka. Hakuna aliyemgusa Baba, wala kumtukana. Kilichotokea ni kingine. Dukani, bombani, kila mahali, wakawa wanasema Mchungaji alikuwa anatania. Eti Wanyamwezi ndivyo walivyo, utani wao hauna breki. Walisema huku wanacheka, hata waliokuwepo wakaanza kusema hivyo hivyo. Wahida akanifuata bombani.

"Mina, eti baba yako alikuwa anatania?"

Nikajifanya ndoo imejaa. Niliondoka hata sijamjibu.

Simu ya Askofu ilikuja Jumamosi. Baba alikuwa ametoka kuona mgonjwa, simu ameiacha kwenye chaji. Mama akatazama jina, akaogopa, akanipa mimi.

"Shikamoo Baba Askofu."

"Marahaba, binti yangu. Mina, siyo? Umekua. Baba yupo?"

"Hayupo."

"Basi labda unisaidie wewe. Ulikuwepo kwenye huo msiba?"

"Nilikuwepo."

Akashusha pumzi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na mimi upole ndio unaonitisha. "Diwani mwenyewe amenipigia. Hana kinyongo, na suala la kiwanja anasema liko pale pale. Ananiambia ni mila zenu za utani, watu hawakuelewa. Mimi sitaki kumhamisha baba yako tena. Nataka tu niambiwe kwamba ulikuwa utani, tulimalize. Ulikuwa utani, siyo?"

Mama alikuwa anasikia. Alisimama mbele yangu anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, midomo inasema bila sauti. Shuleni mimi hata mwalimu akiuliza kitu ninachokijua sinyooshi mkono. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamfikiria Wahida na ile ndoo.

"Mina, upo?"

"Nipo, Baba Askofu," nikasema. "Mwanzo ulikuwa utani. Lakini Baba alipomwambia diwani, gunia la utani alikuwa ameshalivua."

Akasema nimwambie Baba ampigie akirudi, akakata.

Mama hakunigombeza. Aliichukua simu, akairudisha kwenye chaji, akatazama maboksi muda mrefu.

"Kamwite Wahida," akasema mwishoni, "kama anataka, aje akusaidie kukunja nguo zako."

Nikavaa ndala nikaenda. Njia nzima nilikuwa napanga nitaanzaje kumwambia kwamba Baba hakuwa anatania.