Jibu Haliuzwi Bila Sababu

Shemeji yangu alihamia sebuleni kwangu akiwa na mke, mabegi mawili, kipaza sauti na nyundo ya mbao. Mke mwenyewe ni mdogo wangu, tumbo moja, kwa hiyo sikuweza kufunga mlango. Wakasema wanapumzika kidogo tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema. Sasa huyu ningempa jembe alime wapi, kwenye zulia?

Alikuwa dalali wa mnada. Chuo kikuu alisomea hesabu, akapata na shahada, akaikunja akaiweka chini ya godoro, akaenda kupiga kelele barabarani kwa sababu ndiko moyo wake uliko. Watu walipoanza kuuziana makabati kwenye simu, mnada ukafa na yeye akabaki na sauti. Na ile sauti, jamani! Akiomba chumvi mezani, jirani anainuka kufunga dirisha. Usiku walilikunjua kochi langu wakalifanya kitanda, na alfajiri mimi nikapita pembeni kwa ncha za vidole kuelekea jikoni, mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Siku moja mdogo wangu akaja na habari. "Dada, kuna njia mbadala ya ualimu. Wanachukua wenye shahada zao, wanawafundisha Jumamosi kwa mwaka mmoja, siku nyingine wanashika darasa, mwisho anakuja mkaguzi. Mtu akifaulu anapewa leseni. Na mwenye leseni anapewa kazi ya kudumu na nyumba ya shule. Tunahama, dada."

Mimi nilikaa chuo cha ualimu miaka mitatu. Nilifundishwa kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo, na hilo peke yake lilinichukua muhula mzima. Wale wa Jumamosi nilikuwa nawaita walimu wa chapuchapu, tena mbele yao. Lakini nilipolisikia neno "tunahama," kauli zangu zote nikazimeza bila maji.

"Aende," nikasema. "Aende hata leo."

Akaenda. Na mwalimu mkuu wetu, ambaye hajawahi kuona mgongo wangu mtupu asiutwishe kitu, akamleta shuleni kwetu, kwenye darasa langu la hesabu, akaniteua mimi kuwa mwalimu mlezi wake. Nikawa namlea nyumbani na kazini.

Mafunzo yenyewe yalikuwa kichekesho. Walikusanywa ukumbini, mkufunzi akasimama asubuhi hadi jioni akiwasomea maneno yaliyoandikwa ukutani, na maneno hayo yalisema mwalimu mzuri haongei sana. Watu wazima, wahasibu, manesi, mafundi umeme, wakalala wamekaa. Shemeji akarudi na faili nene, na asubuhi yake, mdomo umejaa mkate wangu, akanitazama kwa huruma.

"Shemeji, wewe unafundisha kizamani. Siku hizi mwanafunzi ndiye kitovu."

"Kitovu kilikatwa siku alipozaliwa," nikamwambia. "Pitisha chai."

Wiki ya kwanza nilikaa naye darasani, akawa mpole. Ya pili nikamwachia, nikaenda zangu chumba cha walimu kusahihisha madaftari. Sijamaliza hata safu moja, nikasikia ukuta unatetemeka.

"Nasikia nane! Nane kwa sababu gani, mama? Sababu hiyo nyembamba, nani anaongeza? Huku nyuma nasikia kumi! Jibu haliuzwi bila sababu, mabibi na mabwana! Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Nilikimbia viatu mkononi. Nikakuta darasa zima limesimama. Kuna mtoto anakaa dirisha la nyuma ambaye tangu mwaka uanze sikuwa naijua sauti yake. Huyo alikuwa juu ya dawati, mishipa imemtoka shingoni, anampinga mwenzake habari ya sehemu na asilimia. Na yule msichana tunayemwita Kidole, kwa sababu kidole chake hakishuki, alikuwa ubaoni anathibitisha. Ndivyo mnada wa shemeji ulivyokuwa. Mtoto anataja jibu, lakini bei yake ni sababu. Mwenye sababu nzito ndiye anayeuziwa, hata kama ametaja namba ndogo, na mwenye jibu bila sababu anarudi kukaa.

Nilikasirika sana. Nilimwambia hapa ni shule, si soko la mitumba. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba majibu yalikuwa sahihi.

Mwaka wa mafunzo ulipokaribia kwisha, tukapata barua kwamba mkaguzi anakuja. Nikamkalisha shemeji pale pale kwenye kochi, nikamwekea sheria.

"Hakuna mnada. Umesikia? Utagawa vikundi, utagawa kadi, utabandika bango. Mkaguzi ana visanduku vyake vya kuweka vema, wewe mpe visanduku."

"Na akisema kitu kisicho sawa?"

"Funika kombe mwanaharamu apite. Mkaguzi akisema jua linachomoza kusini, wewe geuza dirisha. Unataka leseni hutaki?"

"Nataka, shemeji."

"Basi. Maana mimi nataka kuliko wewe."

Mkaguzi alifika na tai pana na tumbo lililotangulia mlangoni. Alikataa kiti tulichompa, akataka chenye mikono, akaletewa cha mwalimu mkuu. Akaketi nyuma ya darasa, mimi ubavuni kwake, akafungua karatasi zake.

Shemeji akaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. "Wanafunzi wapendwa, kufikia mwisho wa kipindi mtaweza kueleza uwiano." Watoto wakatazamana kana kwamba kuna msiba. Wakaingia kwenye vikundi. Katika kila kikundi mmoja akaandika na waliobaki wakamtazama anavyoandika. Bango likabandikwa, likaanguka, likabandikwa tena.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimuuu!"

Mkaguzi akaweka vema. Akaweka nyingine. Kisha kalamu ikapungua mwendo, kidevu kikatua kwenye tai. Nilifurahi moyoni, nisiseme uongo. Mkaguzi aliyelala hajawahi kumfelisha mtu. Nilishaanza kulipanga upya kochi langu kichwani, mara huku, mara kule, na meza ndogo mbele yake.

Halafu akakoroma.

Watoto wakacheka. Shemeji akainua macho, akaona. Mimi nilikuwa natikisa kichwa, usithubutu, usithubutu, lakini mtu aliyekula jasho la mnada hawezi kumvumilia mnunuzi anayesinzia mbele yake. Nilimwona kifua kikimpanda. Akashika kifutio cha ubao, akaigonga meza, pa!

"Mafundi watatu wanajenga ukuta kwa siku kumi na mbili! Ukuta ule ule, mwendo ule ule, nawaletea mafundi sita! Siku ngapi? Nani anafungua?"

Darasa likafufuka. Mkaguzi naye akafufuka, akajifuta mdomo.

"Kumi na mbili, mwalimu! Ukuta si ni ule ule!"

"Kumi na mbili! Ukuta ni ule ule, lakini mikono je? Nani anaongeza sababu?"

"Kumi na tano!"

"Sababu huna, kaa chini! Nani mwingine?"

Mnada ni ugonjwa, ukikupata mkono unanyanyuka wenyewe. Nilimwona mkaguzi anasogea ukingoni mwa kiti, macho yanang'aa, kalamu inapanda juu.

"Ishirini na nne!" akapiga kelele.

"Ishirini na nne kwa mheshimiwa mwenye tai! Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Kifutio kikashuka, vumbi la chaki likatimka. "Limeuzwa!"

Shemeji alibaki ameinama juu ya kifutio, na nikajua sasa ndiyo amesikia alichokiuza. Mimi nikakilaza kiganja changu polepole kwenye goti, ili anione. Funika. Funika, ndugu yangu, tuhame salama.

Kidole kikapanda.

"Mwalimu, hajatoa sababu."

"Kweli!" likasema darasa. "Haliuzwi bila sababu!"

Shemeji akanitazama. Mkaguzi akasimama, akaiweka tai sawa.

"Sababu iko wazi, watoto. Huu ni uwiano. Mafundi wameongezeka mara mbili, kwa hiyo siku nazo zinaongezeka mara mbili."

"Samahani, mheshimiwa," akasema Kidole, kwa adabu zote. "Kwa hiyo wakija mafundi mia, ukuta hauishi?"

Walicheka mpaka madawati yakagongana. Shingo ya mkaguzi ikavimba juu ya kola. Shemeji hakucheka, wala hakumnyamazisha mtoto. Basi mkaguzi akanigeukia mimi.

"Mwalimu mlezi. Wewe hukupita njia za pembeni, una cheti cha chuo. Hebu waambie."

Ningesema tu uwiano una aina nyingi, tutaendelea kesho. Maneno hayo ninayo, nimeyatumia miaka. Leseni ingetoka, kochi lingekunjwa, asubuhi ningeingia jikoni kwangu na kandambili zangu zikipiga sakafu. Niliiona sebule yangu tupu, nikaitamani. Lakini watoto wote walikuwa wamegeuka kunitazama, hata yule wa dirisha la nyuma. Miaka yote hiyo nimewauliza mmeelewa, wakanijibu ndiyo, tukaachana kwa amani. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo, akisubiri kweli niseme nini.

"Siku sita," nikasema.

"Kwa sababu gani, mwalimu?" akauliza Kidole.

Ebo! Na mimi pia!

"Kwa sababu mikono ikizidi mara mbili, siku zinapungua nusu."

"Limeuzwa," akasema shemeji taratibu. Hakugonga meza.

Ripoti ilitoka siku hiyo hiyo, mwalimu mkuu akatusomea akiwa amebana midomo. Mwalimu mwanafunzi hajafaulu, arudie mwaka mzima wa mafunzo. Sababu: somo halikuwa shirikishi. Shirikishi! Mtu alishiriki mwenyewe mpaka akanunua! Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: mwalimu mlezi naye anahitaji kunolewa upya, ahudhurie mafunzo ya Jumamosi pamoja na mwenzake.

Tulirudi nyumbani jioni. Mdogo wangu alikuwa ameshafunga mabegi, yako mlangoni. Alitutazama usoni, akaelewa, akaanza kulifungua moja.

"Ungesema ishirini na nne," shemeji akaniambia, akijitupa kwenye kochi.

"Ningesema."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye umenichafulia darasa," nikamjibu kwa hasira, na zilikuwa hasira za kweli. "Sasa kila mtoto anataka sababu."

Akacheka. Akainama chini ya kochi, akatoa ile nyundo ya mbao, akaiinua juu ya meza yangu ndogo.

"Kochi kuukuu! Springi moja imekatika! Linauzwa kwa mwaka mmoja zaidi! Mwenye pingamizi na sababu aseme. Mara ya kwanza!"

Mdogo wangu akanitazama, nguo mkononi.

"Mara ya pili!"

Pingamizi nilikuwa nazo tele. Nilivua viatu, nikakaa kwenye mkono wa kochi, maana nafasi nyingine haikuwepo.

"Gonga basi," nikamwambia. "Na Jumamosi uniamshe, tusichelewe wote wawili."