Wafalme Wawili Mbele ya Sengu

Othmar asipoupata ualimu Alhamisi ile, Jumatatu angekwenda kukata mkonge Tanga. Jambo la tatu halikuwepo. Jina lake lilishaandikwa na mnyapara aliyekuja kuchukua vijana, na mnyapara yule hakuwa mtu wa kufuta majina. Vijana wa milimani wakienda mkonge hurudi na blanketi, au baiskeli, au kikohozi. Wengine hurudi na vyote. Othmar alikuwa na miaka kumi na minane, shule ya misheni ameshamaliza, na blanketi analo.

Shule ya kijiji haikuwa na mwalimu. Wa kwanza alitorokea mkonge. Wa pili alitorokea dhahabu, huko Lupa. Wa tatu hakuna aliyejua alitorokea wapi, ila alitoroka na kengele.

Basi akaja Mwalimu Raimundi, msimamizi wa shule za misheni, mtu mrefu wa kaptura ya kaki aliyekuwa akizunguka milima yote ya Umatengo kwa miguu, na ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake. Akamwambia Othmar, "Utafundisha somo moja la historia. Nchi yetu na dunia. Mimi nitakaa nyuma. Ukimaliza nitakuambia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na usipige kelele. Wanaojua hawapigi kelele."

Othmar akajifunza somo lake akilitamka mbele ya mbuzi. Vita Kuu, mwaka elfu moja mia tisa kumi na nne, Austria, Serbia, Mdachi, Mwingereza. Mbuzi walielewa vizuri sana.

Alhamisi ikafika, wanafunzi hawakufika. Ulikuwa mwezi wa tatu, wakati wa ngolo, yale mashimo ya kwenye mteremko yanayozuia maji yasibebe shamba na mwenye shamba. Kukata majani na kuyapanga miraba ni kazi ya wanaume. Kuchimba udongo na kuyafunika ni kazi ya wanawake na watoto. Wanaume walikuwa wameshamaliza yao, kwa hiyo walikuwa wamekaa.

Mwalimu Raimundi akatazama madawati matupu. Akatazama jua.

"Watu wazima wako wapi?"

"Kwenye sengu, Mwalimu. Kwa baba mkubwa."

"Nao wana masikio. Twende."

Othmar akatangulia njia, hatua fupi fupi. Sengu si darasa. Sengu ni pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja kila siku, kila mke analeta chungu chake, na kabla mikono haijakauka mashauri yanaanza: nani kamtukana mkwe, nani kahamisha mpaka. Ukileta neno pale, limekuwa shauri. Na mleta shauri ana sheria yake, ila siku ile Othmar alikuwa anafikiria Austria, hakufikiria sheria.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," akajibu baba mkubwa Izidori, mkuu wa sengu, mdomo umejaa maharagwe. "Nawa mikono. Na huyo mgeni wako anawe."

Wakanawa, wakala. Kisha Mwalimu Raimundi akasogea nyuma akakaa kwenye kinu kilicholazwa, na Othmar akasimama.

"Wazee wangu, leo nitawaeleza habari ya Vita Kuu. Miaka ishirini iliyopita, huko Ulaya, mrithi wa mfalme wa Austria aliuawa."

"Na nani?" akauliza Izidori.

"Na kijana wa Serbia."

"Hao Waserbia wamekuja?"

"Wapi, Baba?"

"Hapa. Unaleta shauri bila mshitakiwa?"

"Si shauri, Baba. Ni historia."

"Kuna mtu kauawa," akasema mzee Pankras, ambaye kazi yake kwenye sengu ilikuwa kuuliza vile ambavyo wengine wanaogopa kuuliza. "Kama hilo si shauri, basi shauri ni nini? Kuku?"

Wakacheka. Mwalimu Raimundi hakucheka. Othmar akaruka Serbia yote, akatua Uingereza.

"Kwa ufupi, Mfalme Joji wa Uingereza na Kaisa wa Wadachi wakapigana."

"Wana ugomvi gani?"

Hili halikuwemo kwenye somo. Othmar akatafuta kichwani akakuta kitu alichowahi kusimuliwa na padri, Mdachi mzee wa Ujerumani aliyekuwa akilitamka jina la Kaisa kama mtu anayemkumbuka ng'ombe wake aliyekufa.

"Sijui ugomvi wenyewe. Lakini ni ndugu. Mama yake Kaisa ni dada wa baba yake Joji."

Pale mikono yote ikasimama juu ya vyungu.

"Rudia," akasema Izidori.

"Mama yake Kaisa na baba yake Joji ni tumbo moja."

"Yaani mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba."

"Ndiyo, Baba."

"Hao ni watani!" Pankras akapiga paja. "Mtani anaingia kwako mchana kweupe anakamata kuku, wewe unacheka. Kesho wewe unamchukulia mbuzi, yeye anacheka. Nani alikasirika?"

"Wote wawili."

"Wote wawili wana makosa. Ulaya hakuna wazee?"

"Ngoja," akasema Izidori. "Katika kuchukuliana huko, Joji alichukua nini cha mwenzake?"

"Alichukua Tanganyika."

"Tanganyika ndiyo ipi?"

"Ni hapa, Baba."

"Hapa wapi?"

"Hapa tulipokaa."

Pankras akamtazama Izidori, Izidori akautazama uwanja wake, chungu, kinu, migomba, kama mtu anayehakikisha kwamba vitu vyake vyote bado vipo.

"Kwa hiyo," akasema Pankras polepole, "kuku ni sisi."

Othmar akamtazama Mwalimu Raimundi apate msaada. Mwalimu alikuwa anachokonoa jino. Somo lilikuwa limeshakufa, na mkonge ulikuwa unaota kichwani mwa Othmar, mistari na mistari mpaka baharini.

"Shahidi?" akauliza Izidori.

"Vita ilifika hadi ziwani, Baba. Mama mkubwa alikuwepo."

Mama mkubwa Ottilia, mke wa Izidori, alizaliwa Lundo kando ya ziwa akaolewa milimani, na miaka yote hajaacha kulalamikia baridi. Mwanamke hakai kwenye sengu, ila alikuwa amekuja kuchukua vyungu. Akaambiwa aseme. Akasema akiwa amesimama, chungu kiunoni.

"Tulikuwa Liuli, ufukweni mwa ziwa, tunaanika usipa, dagaa wetu. Meli ya Mdachi ilikuwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Ikaja ya Mwingereza. Tukasema, ah, rafiki yake huyo kaja wanywe, maana walikuwa wakinywa pamoja hao wakubwa wa meli. Mara, bum! Mdachi akaingia kwenye mtumbwi mdogo, anapiga makasia, anafoka mkono juu. Nadhani alimwuliza kama amelewa. Akakamatwa. Hakuwa na habari kwamba kuna vita."

"Vita ilimfikia kabla ya habari," akasema Izidori.

"Mimi sijui. Mimi najua usipa wetu ulikanyagwa wote mchangani, na hakuna aliyekuja kusema pole. Mmemaliza maharagwe?"

Akaondoka na vyungu vyake. Hakuna aliyecheka safari hii, kwa sababu Izidori alikuwa ameinamisha kichwa, na kila mtu pale alijua anamfikiria nani. Mdogo wake Placidi alichukuliwa vitani kubeba mizigo. Alibeba ya Wadachi, akatekwa, akabebeshwa ya Waingereza. Baada ya hapo, basi. Huku milimani mtu akifia kwenye kazi yako, wewe mwenyewe unapeleka habari kwao, hutumi mtu baki. Habari ya Placidi haikuletwa, na matanga yake hayajakaliwa mpaka leo.

"Hao watani wako hai?" akauliza Izidori.

"Wako hai, Baba. Joji yuko kwake. Kaisa alifukuzwa, yuko Uholanzi. Padri anasema anapasua kuni."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hana wajukuu?"

"Anao."

"Huyo ameshaanza kulipa," akasema Pankras.

Izidori akanyanyuka. Mkuu wa sengu akinyanyuka, neno limefika mwisho.

"Shauri limesikika. Watani walipigana, wakamtuma mtu wetu bila kutuuliza, akafa, hawakuleta habari. Waje waseme alilala wapi. Wakishindwa kuja watume mpwa. Mpaka siku hiyo shauri liko wazi, na mleta shauri haondoki."

Othmar akasikia maneno ya mwisho kabla hajaelewa ya mwanzo. Mleta shauri haondoki. Ndiyo sheria, na ni ya zamani kuliko mkonge: aliyelileta neno kwenye sengu halali nje ya ukoo mpaka neno liishe.

"Baba, lakini Jumatatu..."

"Mnyapara nitaongea naye. Nitamwambia una kesi na mfalme wake."

Mwalimu Raimundi akainuka kwenye kinu akajikung'uta. Sasa ilikuwa zamu yake.

"Somo lako," akamwambia Othmar, "halikuwa na tarehe hata moja. Serbia umeitupa njiani. Wanafunzi wamesema kuliko mwalimu. Ningekuwa nafuata kitabu, ningekwambia nenda ukakate mkonge."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mzee," akamgeukia Izidori, "hilo shauri litachukua muda gani?"

"Uingereza ni mbali?"

"Mbali."

"Na huyo wa kuni?"

"Mbali, na nadhani hana nauli."

"Basi litachukua muda."

Mwalimu Raimundi akatikisa kichwa, akawaza walimu watatu na kengele moja. "Natafuta mwalimu asiyetoroka. Sikuwahi kumpata aliyefungwa na sengu nzima. Utaanza ngolo zikiisha."

Mnyapara alipokuja Jumatatu alikalishwa, akalishwa, akaelezwa shauri lote tangu Austria. Aliondoka jioni bila Othmar, na bila hamu ya kurudi.

Shule ikafunguliwa mwezi wa nne. Watoto walikuja na udongo wa ngolo bado kwenye magoti. Na dawati la mbele, magoti yakiligonga kwa urefu, alikaa baba mkubwa Izidori. Alikuja kila asubuhi, kabla ya watoto.

"Wameleta habari?" aliuliza.

"Bado, Baba."

"Joji naye?"

"Bado."

Izidori aliweka fimbo yake chini, akakunja mikono.

"Basi endelea na hesabu."