Baiskeli Isiyo na Keria

Alama ilikuwa nyembamba kama mkanda wa suruali, haina meno, na ilikuwa imepita juu ya alama yake mwenyewe ya jana. Kengele alichuchumaa akaigusa kwa kidole. Tairi lililobeba mzigo huzama mchangani. Hili lilikuwa limepita juu juu, kama mtu anayenyata.

"Baiskeli gani hii," alisema peke yake, "isiyobeba kitu."

Aliifuata kwa macho. Ilitoka upande wa mji, ikaja hadi kwenye shamba la mikaratusi, ikazunguka hapo mara tatu, ikarudi ilikotoka. Mtu huyo alikuwa akitafuta kitu, na hakukipata. Kengele alipangusa goti, akashika usukani, akaendelea na safari bila furaha.

Watu walimwita Kengele kwa sababu baiskeli yake ilikuwa na kengele tatu na hakuna hata moja iliyolia. Kwenye keria alibeba madumu mawili ya maziwa, na ndani ya kila dumu alishindilia majani mabichi juu ya maziwa ili yasisukwesukwe njiani yakafika yamekuwa siagi. Kutoka kwake hadi mjini kwa barabara ya lami ni dakika arobaini. Yeye alitumia saa moja na nusu. Aliingia kwenye pengo la ua wa michongoma, hatua mia moja kutoka pale kijia cha kwake kinapotokea kwenye lami, akapita mikaratusi, akafuata mfereji, akapita kando ya makaburi, akaibukia nyumbani kwa muuguzi mstaafu. Wiki nzima njia ile ilipitiwa na magari mawili tu: trekta la shamba, na gari la msimamizi wa miti, ambalo breki zake husikika kabla halijaonekana.

Kila asubuhi, akishaingia kwenye lile pengo, alifunga tawi lenye majani nyuma ya baiskeli akaliburuta hadi kwenye mikaratusi. Hapo alilifungua, akalificha. Jioni akirudi alifanya vivyo hivyo. Mtu aliyesimama kwenye lami angeona ua na mchanga uliolala, basi. Mkewe alikuwa akimcheka. "Mume wangu anafagia pori," aliwaambia majirani, "na uani kwangu hajawahi kushika fagio." Alicheka, lakini hakumkataza. Alijua sababu.

Muuguzi alikuwa tayari na sufuria mlangoni. Kwenye baraza yake alikaa fundi cherehani, mpangaji wake, mtu ambaye mdomo wake ulikwenda mbio kuliko mashine yake.

"Kengele, umemwona mwenzako?" fundi aliuliza.

"Mwenzangu gani?"

"Ana baiskeli kama wewe. Mwanamke. Kavaa suruali ya kubana, kofia kama kobe. Baiskeli haina keria. Nakuapia, haina hata pa kutundika mfuko wa chumvi."

"Alikuja kuomba maji," muuguzi alisema akipokea maziwa. "Binti ana adabu zake. Aliuliza kama magari yanapita hapa. Nikamwambia gari hapa ni habari ya wiki."

"Aliandika?" Kengele aliuliza.

"Ana daftari, ndiyo."

Kengele aliacha kumimina. "Ukamwambia na nini kingine?"

"Nilimwambia wewe ndiye unayeijua njia. Kwani siri?"

"Mtu mzima anaendesha baiskeli kutwa nzima, habebi kitu, haendi kokote," fundi alisema huku akivuta uzi kwa meno. "Huyo ana lake. Bwana afya, au mpelelezi. Maziwa yako ni maziwa matupu lakini, eeh?"

"Nenda kapimwe wewe," Kengele alisema, akafunga dumu.

Hakuogopa kupimwa. Aliogopa daftari. Zamani, pale penye lami palikuwa na njia ya ng'ombe, na yeye na kaka yake walipitisha maziwa hapo wakipiga soga, kila mmoja na madumu yake. Akaja mtu na daftari. Mpole, mcheshi. Akauliza wapi panatuama maji, wapi pana mwamba, magari mangapi yanapita. Kaka mtu akamtembeza siku mbili na kumkaribisha maji ya kunywa. Baada ya mwaka wakaja watu wa greda, kisha lami, kisha malori. Lori la mbao ndilo lililompiga kaka yake, kwenye kona ya kwanza tu, asubuhi kweupe, madumu yakiwa yamejaa. Miaka kumi na tisa sasa. Tangu mazishi yale Kengele hakukanyaga lami akiwa na mzigo, zaidi ya zile hatua mia moja za kufikia pengo.

Siku tatu alama nyembamba ilikuja hadi kwenye mikaratusi, ikarudi. Siku ya nne mwenye alama alikuwa amesimama kwenye lami yenyewe, pale kijia cha nyumbani kwa Kengele kilipotokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakushuka.

"Wewe ndiye Kengele?"

"Nani kakutuma?"

"Hakuna." Alikuwa na miaka thelathini hivi, shingo imeungua jua, magoti yana makovu. Kofia ilikuwa kweli kama kobe. "Natafuta njia zisizo na magari. Tuko kama watu ishirini, tunaendesha baiskeli Jumapili, na tumechoka kusukumiwa mitaroni. Nachora ramani. Alama zako nimezifuata toka kwa yule mama muuguzi, nikifika kwenye miti zinanipotea. Kuna mtu anafagia."

"Upepo."

"Upepo una tawi?"

Kengele alitazama baiskeli ya yule binti kuanzia mbele hadi nyuma. Nyuma palikuwa peupe, tairi tu. "Hii inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

"Unakwenda wapi, sasa?"

"Siendi mahali, baba. Naendesha tu."

Jibu lile lilimkera kuliko uongo. "Hiyo ramani mkishaichora anapewa nani?"

"Yeyote anayeitaka."

Basi. Lile pengo lilikuwa hatua mia moja mbele, mkono wa kushoto. Kengele aliangalia mbele moja kwa moja, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

"Mimi napita lami," alisema. "Nifuate, utaona."

"Lami? Na mchanga wote huo kwenye mnyororo wako?"

"Nifuate."

Walipita pengo. Hakuligeukia. Lami ilikuwa laini mno chini ya tairi, madumu hayakugonga, na ukimya ule wa madumu ulimtisha. Lori la kwanza lilipita na upepo wake ukamsukuma kando. La pili likamvuta. Nyuma yake alisikia binti akisema kitu, hakugeuka. Kona ilikuwa inakuja. Aliijua bila kuitazama.

Honi ndefu ililia. Kengele alikata kushoto, akaingia kwenye majani, na kitu kikubwa kikapita sikioni kwake na joto lake. Kisha kimya. Aligeuka. Barabara ilikuwa tupu.

Aliiachia baiskeli. Dumu moja lilifunguka, maziwa yakakimbia kwenye changarawe kuelekea mtaroni, naye alikimbia pamoja nayo akiita, "Binti, binti," kwa sauti aliyokuwa ameitumia mara moja tu maishani, mahali hapohapo.

Alikuwa amekaa mtaroni, mzima, amekumbatia mkono wake wa kulia. Kofia ilikuwa imepasuka. Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja kama chapati.

"Kifundo," alisema. "Nadhani kifundo tu." Alimtazama Kengele. "Wewe hupiti huku. Mtu anayepita huku kila siku haendeshi vile."

Kengele aliinama. Daftari lilikuwa limefunguka kwenye majani, naye alisoma hadi darasa la tano, alijua kusoma. Aliona mstari wa penseli, na kando yake maandishi madogo: mama muuguzi, mkarimu. Makaburi, kuna kivuli. Mbwa, anabweka tu. Magari mawili. Kwenye mikaratusi mstari uliishia hewani. Lami ilichorwa kwa wino mwekundu, na juu yake neno moja: msipite.

"Kaka yangu alimwonyesha mtu njia," alisema hatimaye, akilifunga daftari. "Ndiyo hii. Alifia hapohapo ulipokaa."

Binti alijaribu kuinuka. Lori jingine lilipita, akajikunja tena chini.

"Mkishachora," Kengele alisema, "wakija na lami?"

"Sijui, baba."

"Hujui."

"Ningeweza kukudanganya. Lakini sijui."

Alimtazama sana, akitafuta ujanja katika jibu hilo, kwa maana watu wajanja pia hukiri haraka. Binti alikuwa amekumbatia mkono wake tu. Kwa lami mji ulikuwa karibu zaidi, lakini kando ya lami hapakuwa na pa kukanyaga. Kengele aliinua baiskeli mbili, moja kila mkono, na akaanza kurudi walikotoka. Kwenye ua wa michongoma alisimama.

"Nifumbe macho?" binti aliuliza.

"Uanguke tena? Pita."

Alipita. Gurudumu bovu lilikwaruza mchanga, likachora mstari wa kupindapinda, na Kengele, mikono yote ikiwa imejaa, hakuweza kuburuta tawi.

Muuguzi alifunga kifundo, akachemsha maziwa yaliyobaki. Fundi cherehani aliiacha mashine yake, akachukua sindano. Alishona mkanda wa kofia iliyopasuka bila kuombwa. "Mkono huu hautashika kalamu wiki tatu," muuguzi alitangaza. Kengele alisikia, akapumua. Kisha akaona binti ananyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto, kimejaa hadi mdomoni, na hamwagi hata tone. Alikitazama kikombe kile hadi kilipoisha.

Usiku ule alirudi gizani bila kufagia, na kesho yake alfajiri alifika kwenye pengo akiwa na tawi jipya mkononi. Mchanga ulikuwa umeshika kila kitu: viatu vyake, viatu vya binti, tairi lake pana, na mstari mwembamba uliolewa, ukitoka kwenye lami na kuingia ndani kama mtu anayejua aendako. Lori lilipita nyuma yake. Alingoja hadi mlio ukaisha.

Alilishusha tawi, akaligusisha mchanga kidogo, akalinyanyua. Kisha alilifunga juu ya madumu badala ya nyuma, akapanda, akaanza kukanyaga taratibu. Njia nzima hadi kwenye mikaratusi majani yalitikisika juu ya maziwa, hayakugusa ardhi, na kila baada ya hatua chache Kengele aligeuka nyuma kutazama.