Namba ya Mtu Anayeyajua Makaa

Makaa, huu mkaa wa kuchomea nyama, ni mzigo wa hatari. Ukitaka kucheka cheka, hata mimi nilicheka siku ya kwanza niliyoajiriwa hapa bandarini Walvis Bay kuandaa karatasi za mizigo ya meli. Lakini makaa ambayo hayajapoa sawasawa, ukiyafungia ndani ya kontena wiki tatu, yanaweza kujiwasha yenyewe katikati ya bahari, na huko hakuna wa kumwita. Ndiyo maana kampuni za meli zina masharti. Fomu ionyeshe makaa yalitoka tanuri lini, na kabla ya kufungwa yawe yamepumzika siku kumi na nne. Mtu aseme kwa saini yake kwamba hayo ni kweli. Halafu kuwe na namba ya simu ya mtu anayeyajua makaa hayohayo, atakayepokea usiku na mchana, meli ikipatwa na jambo.

Haingura alikuja ofisini kwangu Alhamisi, kofia kifuani, na fomu safi kabisa. Miaka yote alikuwa akichoma makaa kule kaskazini, upande wa Grootfontein, na kuwauzia wenye mashamba makubwa, nao ndio waliosafirisha kwa majina yao. Safari hii kontena tatu zilikuwa na jina lake. Mnunuzi wa Ujerumani alikuwa ameandika wazi: mzigo usipopanda meli ya Ijumaa, ananunua kwa wale wakubwa kama zamani. Familia kumi na saba zilikuwa zikisubiri jibu kule porini.

"Karatasi iko sawa, dada Teopolina?" aliniuliza, kama mara ya sita.

"Iko sawa, kaka. Ukiniuliza tena naichana."

Tukaenda ofisi ya meli kwa mzee Swartbooi. Huyo ni mtu wa Lüderitz, pwani ya kusini, anasoma fomu kwa rula, mstari kwa mstari, na mimi humwogopa kuliko mchungaji wangu. Mwisho wa kupokea karatasi ulikuwa saa sita mchana, na saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo. Rula ikashuka, ikashuka, ikasimama.

"Namba hii ya dharura ni ya nani?"

"Ya mtu anayeyajua makaa," Haingura akajibu.

"Nani?"

Haingura akaiangalia kofia yake. "Mama mkwe wangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza kama ana akili timamu. Akaniambia kambini mtandao unashika sehemu moja tu, karibu na tangi la maji, na hapo ndipo mama huyo hukaa kutwa akiwasimamia wanaopoza na kuchambua makaa.

"Na umemwambia kwamba atapigiwa?"

"Dada, mimi na mama mkwe hatusemezani. Ni heshima ya kwetu. Nikiwa na neno namwambia mke wangu, naye anampelekea."

"Haya, mke wako kamwambia?"

"Nilisahau kumwambia mke wangu."

Wakati namtafutia tusi la kumfaa, Swartbooi alikuwa ameshabonyeza namba na kuweka spika. "Huwa najaribu," alisema. "Asipopokea anayejua, mzigo unabaki."

Ikaita mara mbili. Sauti nzito ya mama mtu mzima ikapokea. Mkwe huyo, Mama Namutenya, alikulia kwenye mashamba ya Makaburu, na Kiafrikana chake, lugha ya Makaburu hao, kilimshinda Swartbooi mwenyewe. Swartbooi akaanza, "Kontena lenye makaa yako limepata moto, tufanye—"

"Umeamkaje, baba?"

"Nimeamka vizuri. Kontena—"

"Na wa nyumbani?"

"Wazima."

"Huko kwenu mvua?"

"Hapa ni jangwa, mama." Nikauma mdomo nisicheke.

"Poleni. Sasa hilo kontena, mmelifungua?"

"Bado."

"Msifungue. Mkifungua mmelipa pumzi, litawaka lote. Litengeni na mengine, mlimwagie maji kwa nje, na mtu alipapase kwa kiganja kila saa. Linanukaje? Moshi mbichi au mkavu?"

Swartbooi aliweka rula chini. Sijawahi kumwona akiiweka chini. Wakaongea kama dakika tano, yeye anauliza na mama anajibu, tena mama alijua kila gunia limetoka tanuri gani. Nikamfinya Haingura mkono kwa furaha. Tumepona.

"Basi mama, nilikuwa najaribu tu, hakuna moto," Swartbooi akasema. "Nikuulize la mwisho. Haya makontena matatu ya leo, wewe ungeyaweka chini ya kitanda chako ukalala?"

"Mawili, ndiyo. Nalala fofofo."

"Na la tatu?"

"La tatu likae. Yale makaa yana siku tisa. Niliwaambia bado, wakayafunga nilipokwenda msibani."

Kwenye fomu zilikuwa kumi na nne kwa yote matatu, kwa mwandiko wa Haingura, na saini yake chini. Fomu yenye uongo hairudishwi kwa marekebisho tu; jina la aliyesaini linaingia kwenye orodha ya wanaokataliwa na meli zote, na hapo hata kuuza mkaa wa kuchomea nyama mtaani kwetu Kuisebmund ungemshinda.

Swartbooi akamgeukia Haingura, akasema taratibu kabisa, "Mama ana umri. Labda amechanganya siku?"

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Nami, Mungu anisamehe, nilimnong'oneza apite. Sema amechanganya, kaka. Nani atamwamini bibi anayekaa kando ya tangi? Kontena zote tatu zitapanda.

Spika bado ilikuwa wazi. Mama alikuwa amesikia, naye alikuwa akisubiri.

Haingura alisogea mpaka kwenye simu.

"Mama," alisema. "Ni mimi. Hukuchanganya. Ni siku tisa, na nilijua. Nilihofia kuikosa meli."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama mkwe.

"Kumbe sauti yako ndiyo hii," mama akasema. "Nilidhani binti yangu kaolewa na bubu."

Swartbooi akakohoa, lakini nilimwona akitabasamu. Alichukua ile fomu, akaichana vipande viwili, akavitupa kwenye kapu. "Hii sijaiona. Nileteeni nyingine, ya kontena mbili, yenye siku za kweli. Mna dakika ishirini na tano."

Nilikimbia na viatu mkononi. Nilichapa kama mwendawazimu, nikamwandikia Mjerumani kwamba la tatu linafuata na kwa nini, nikarudi nikihema. Haingura akasaini. Rula ikapita mstari kwa mstari, na muhuri ukagongwa zikiwa zimebaki dakika nne. Jibu la Mjerumani lilinikuta kwenye ngazi saa saba: mbili sasa, moja baadaye, na ahsante kwa kutomletea moto.

Nilipanda tena kumpa Haingura habari. Nikamkuta bado yuko mezani kwa Swartbooi, ameinamia simu. Mama alikuwa hajakata. Alikuwa akimweleza namna ya kulimwaga lile la tatu na kuyatandaza makaa kivulini, na katikati ya maelezo alikuwa akimsimulia jinsi mkewe alivyokuwa mtundu utotoni. Haingura alikuwa anacheka huku anajifuta macho kwa kofia. Simu ya kampuni ya meli, mchana kweupe, na Swartbooi amekaa pembeni anakula mkate wake.

Nikafunga mlango polepole, nikaenda zangu kutafuta chai.